Rangi ya ukuta: Ndoo ya bei rahisi yaweza kuwa ghali Nyarugusu

Na Mwandishi Wetu

MLAJI anayemalizia nyumba ya familia katika kata ya Nyarugusu, wilayani Geita, hukutana na swali moja siku ya mwisho ya ujenzi, wakati fedha zimekwisha na fundi yuko mlangoni: achukue ndoo ya rangi ya bei ya chini ili familia ihamie, au aongeze fedha apate rangi inayoweza kuoshwa?

Wengi huchukua ya bei ya chini. Baada ya msimu mmoja wa vumbi, ukuta wa sebule huwa na mstari wa kahawia usawa wa mabega ya watu waliokaa kwenye viti, na alama za viganja vya watoto kuanzia mlangoni hadi chumbani. Mama mwenye nyumba akichukua kitambaa na sabuni, uchafu hautoki. Inayotoka ni rangi yenyewe.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia bidhaa hiyo kwa jicho la mnunuzi: rangi ipi ya ndani hudumu na kuoshwa, kwa nini, na hesabu yake ikoje kwa mtu ambaye kipato chake hakiji kila mwisho wa mwezi.

Nyarugusu tunayoizungumzia si kambi ya wakimbizi yenye jina hilo iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma. Ni ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, katika mkoa wa Geita ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera.

VUMBI LA MAKARASHA

Ukuta wa nyumba ya Nyarugusu una kazi kubwa kuliko ukuta wa nyumba ya Dar es Salaam. Kuna vumbi jekundu la barabara, kuna vumbi la mawe kutoka kwenye makarasha, na kuna moshi wa mkaa pale jiko linapoingizwa ndani wakati wa mvua. Baba akirudi kutoka kwenye duara, vumbi la mawe huja na nguo zake. Akiegemea ukuta, linabaki hapo. Mtoto hupitisha mkono, kisha mkono huo huenda mdomoni.

Hili si suala la urembo peke yake. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya madini ya risasi baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi kusagwa ndani ya makazi. Hatusemi kwamba mawe ya Geita ni kama yale ya Zamfara. Tunautaja mfano huo kwa sababu ya njia iliyotumika: vumbi lilitoka kwenye mawe, likaingia nyumbani, likaishia kwa mtoto. Ukuta na sakafu vinavyofutika kwa kitambaa chenye maji hupunguza njia hiyo. Ukuta unaonyonya vumbi hauipunguzi.

Aidha, hakuna rangi inayozuia zebaki. Rwamagasa, iliyoko katika wilaya hiyo hiyo ya Geita, ilikuwa moja ya sehemu zilizochunguzwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki kwa wachimbaji wadogo, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Anayechomea dhahabu yenye zebaki chumbani hujaza mvuke ndani ya nyumba, na mvuke huo hushika kuta, dari na magodoro. Hapo dawa ni kuacha kuchomea ndani, wala si kununua rangi nzuri.

KILICHOMO NDANI YA NDOO

Ili kuelewa kwa nini ukuta mmoja huoshwa na mwingine hubanduka, mlaji anatakiwa kujua vitu vinne vilivyomo katika ndoo ya rangi. Kuna unga wa rangi, ambao ndio unaoficha ukuta. Kuna unga wa kujazia, ambao mara nyingi ni wa mawe ya chokaa. Kuna gundi, inayoshikanisha unga huo na kuunganisha wote na ukuta. Na kuna maji au mafuta ya kuyeyushia, ambayo hukauka na kuondoka.

Uimara uko kwenye gundi. Rangi ya maji ya bei ya chini isiyong'aa ina unga mwingi na gundi kidogo. Ikikauka huacha vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mafuta ya mkono, chai na masizi huingia humo, na kitambaa hakiwezi kuyafuata. Mtu akisugua kwa nguvu, gundi iliyo chache huachia na unga hutoka.

Rangi ya maji yenye mng'ao kiasi, ambayo madukani huitwa silki, ina gundi nyingi zaidi. Ngozi yake hufunga. Uchafu hubaki juu, na maji ya sabuni huuondoa. Rangi ya mafuta yenye mng'ao mkali ina ngozi iliyofunga kuliko zote mbili.

Kwa sababu hiyo mnunuzi asidanganywe na uzito. Wapo wanaoinua ndoo mbili dukani na kuchagua iliyo nzito wakiamini ndiyo iliyojaa. Unga wa mawe ni mzito kuliko gundi na maji, hivyo ndoo ya bei ya chini inaweza kabisa kuwa nzito kuliko ile bora. Mnunuzi huyo anakuwa amelipia nauli ya chokaa.

MNG'AO NA KIPIMO CHA KUSUGUA

Kanuni ya kawaida ni kwamba kadiri mng'ao unavyoongezeka ndivyo ukuta unavyooshwa kirahisi. Hata hivyo kanuni hiyo si sheria. Zipo rangi zisizong'aa zilizotengenezwa kwa gundi nzuri ambazo huoshwa vizuri, ingawa bei yake ni ya juu.

Nchi za Ulaya hutenganisha mambo haya mawili. Kiwango chao cha EN 13300 hupima mng'ao peke yake na uimara wa kusuguliwa peke yake. Katika kipimo cha pili rangi iliyokauka husuguliwa na kipande chenye mikwaruzo kikiwa kimeloa, mara 200, kisha hupimwa unene uliopotea. Rangi iliyopoteza chini ya maikroni 5 ni ya daraja la 1. Iliyopoteza kati ya 5 na 20 ni daraja la 2, na kati ya 20 na 70 ni daraja la 3. Madaraja ya 4 na 5 ni ya rangi ambazo hata mara 40 ni mzigo kwao. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita.

Mlaji akikuta daraja hilo limeandikwa kwenye kopo, daraja la 1 au la 2 ndilo la nyumba yenye watoto. Asipolikuta, anaweza kujipimia mwenyewe kwa njia tutakayoieleza hapa chini. Neno "inaoshwa" lililochapwa kwenye kopo bila kipimo chochote ni tangazo la biashara, wala halimfungi mtu.

KWA NINI TUSIPAKE MAFUTA NYUMBA NZIMA?

Ni swali la haki, kwa kuwa rangi ya mafuta ndiyo inayooshwa kuliko zote. Zipo sababu tatu za kutofanya hivyo.

Ya kwanza ni unyevu. Nyumba nyingi za ukanda huu ni za matofali ya kuchoma, na nyingi hazikuwekewa karatasi ya kuzuia maji kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini. Rangi ya maji huruhusu unyevu utoke kidogo kidogo. Rangi ya mafuta huufungia, kisha huvimba na kubanduka vipande kuanzia chini.

Ya pili ni saruji mbichi. Lipu mpya ina magadi makali ambayo hugeuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni, na rangi hulainika na kuachia. Lipu iachwe wiki nne angalau, na zaidi wakati wa mvua, kabla ya kuguswa na rangi yoyote.

Ya tatu ni afya. Ni rangi za mafuta ambazo kihistoria ziliongezewa madini ya risasi, hasa za njano, nyekundu na rangi ya chungwa. AGENDA, asasi ya mazingira ya Dar es Salaam, ikishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, imepima rangi za madukani nchini kwa miaka kadhaa na kukuta baadhi zikiwa na risasi kupita kiasi. Kiwango kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni kisichozidi sehemu 90 katika milioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Anayenunua rangi ya mafuta kwa ajili ya milango na madirisha atafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina la kiwanda, tarehe ya kutengenezwa, na maandishi yanayosema haina risasi. Kopo lisilo na mambo hayo liachwe dukani hata kama linauzwa nusu bei. Na anayekwangua rangi ya mafuta ya zamani asiikwangue kavu. Aloweshe kwanza, watoto wawe nje, na vumbi lizolewe na kitambaa chenye maji badala ya ufagio.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, kuta zikiwa na urefu wa mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 14, hivyo kuta ni mita za mraba 37.8. Tukitoa mlango mmoja na dirisha moja zinabaki kama 34. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hupaka karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili chumba hicho kinahitaji lita 6.8. Ndoo ya lita 20, kwa hiyo, inakaribia kumaliza vyumba vitatu.

Bei zifuatazo ni za mfano wa hesabu, si bei za duka lolote. Msomaji aweke za kwake. Tuseme rangi ya kawaida ni Sh 4,000 kwa lita, silki ni Sh 10,000, na fundi hutoza Sh 30,000 kwa chumba. Tuseme pia rangi ya kawaida hulazimu kurudiwa kila baada ya miaka miwili, na silki hukaa sita.

Siku ya kwanza, rangi ya kawaida inagharimu Sh 27,200 na fundi Sh 30,000. Jumla ni Sh 57,200. Silki inagharimu Sh 68,000 na fundi Sh 30,000, jumla Sh 98,000. Hapo ndipo wengi hufunga daftari na kuchukua ya kwanza.

Tufungue daftari tena kwa miaka sita. Rangi ya kawaida imepakwa mara tatu: Sh 171,600. Silki imepakwa mara moja: Sh 98,000. Tofauti ni Sh 73,600 kwa chumba kimoja. Kinachomtia hasara mlaji ni mkono wa fundi, ambao bei yake ni ileile akipaka rangi nzuri au mbaya. Kadiri fundi anavyopanda bei, ndivyo rangi ya kawaida inavyozidi kuwa ghali.

Hali ni hiyo hiyo kwa nauli. Ndoo inayotoka viwandani Dar es Salaam hupita Mwanza au Kahama kabla ya kufika Nyarugusu. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa magari yanayopitia Mwanza, lakini nauli bado ipo, na hutozwa kwa ndoo bila kuuliza ubora wake. Tuseme ndoo mbili zinauzwa Sh 70,000 na Sh 190,000 Dar es Salaam. Ya pili ni mara 2.7 ya ile ya kwanza. Kila moja ikiongezewa nauli ya Sh 10,000, zinafika Sh 80,000 na Sh 200,000, na sasa ya pili ni mara 2.5. Kwa maneno mengine, aliye mbali na kiwanda ana sababu kubwa zaidi ya kununua kilicho bora kuliko aliye jirani na kiwanda.

ASIYE NA FEDHA YA SILKI

Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini mchimbaji hana mshahara. Fedha huja mwamba unapotoa na hukauka unapogoma. Anayehamia mwezi huu hawezi kulishwa na akiba ya mwaka wa sita, hasa kama ada ya shule nayo inangoja.

Ipo njia ya kati, na iko mbele ya macho yetu siku zote. Shule, zahanati na ofisi nyingi za serikali nchini zimepakwa rangi mbili: sehemu ya chini rangi ngumu, ya juu rangi ya kawaida. Aliyebuni hivyo alijua mikono na mabega hufikia wapi.

Katika chumba chetu cha mfano, sehemu ya chini hadi mita 1.2 ni kama mita za mraba 15. Kwa mikono miwili inataka lita 3 za silki. Galoni ya lita 4 inatosha, na lita inayobaki ifungwe vizuri ihifadhiwe kwa marekebisho. Sehemu ya juu inataka lita 3.8 za rangi ya kawaida. Gharama ya rangi iliyotumika ni kama Sh 45,200 badala ya Sh 68,000. Hata mwenye nyumba akirudia sehemu ya juu mara moja ndani ya miaka sita, kwa nusu ya malipo ya fundi, jumla yake haifiki Sh 106,000. Ni zaidi kidogo ya silki ya chumba kizima, lakini ni pungufu mno kuliko Sh 171,600.

Ushauri wa ukurasa huu, basi, ni huu. Mwenye fedha mkononi apake silki yenye mng'ao mdogo sebuleni, kwenye korido na vyumba vya watoto. Asiyekuwa nayo apake silki chini na ya kawaida juu. Chumba cha wageni na dari vinaweza kubaki na rangi isiyong'aa, kwa kuwa hakuna anayevigusa. Jikoni na bafuni, kuta zikiwa kavu, ndiko mng'ao mkali unakostahili.

KASORO ZA SILKI

Si haki kuisifu bidhaa bila kutaja kasoro zake. Mng'ao huonyesha kila kilima na bonde la ukuta, hasa mwanga wa dirisha unapopita ubavuni. Ukuta usiosawazishwa ukipakwa silki huonekana mbaya kuliko ukipakwa rangi ya kawaida. Kwa hiyo Sh 73,600 tulizoziona kwenye hesabu si faida tupu. Sehemu yake lazima iende kwenye skimu, msasa na rangi ya kwanza ya kufungia ukuta.

Kasoro ya pili ni viraka. Silki ikiguswa sehemu moja, kiraka huonekana. Marekebisho yafanyike ukuta mzima, kutoka kona hadi kona. Na kama chini ya ukuta kuna unyevu, tibu unyevu kwanza. Hakuna daraja la rangi litakaloshinda maji yanayopanda.

MKATABA NA FUNDI

Rangi nzuri inaweza kuharibiwa kwa ndoo ya maji. Mwandishi wa habari hii aliwahi kumpa fundi kazi kwa bei ya jumla, rangi na ufundi pamoja. Ndoo mbili zilipaka nyumba iliyohitaji tatu, na kila mtu alifurahi. Baada ya miezi minne ukuta wa korido ulikuwa unaacha unga kwenye mashati. Fundi hakuwa mwizi kupita wengine. Mkataba ulimlipa kwa kutumia rangi kidogo, naye akafanya kile mkataba ulichomlipa.

Tangu hapo mwandishi hununua rangi mwenyewe, hulipa ufundi peke yake, na hufungua ndoo akiwepo. Maji yanayoongezwa hayazidi kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Malipo ya mwisho hutolewa baada ya kipimo kifuatacho.

Kabla ya kupaka nyumba nzima, fundi apake eneo la mita moja ya mraba kwa mikono miwili. Liachwe wiki mbili, kwa sababu rangi ya maji hukauka kwa saa chache lakini hukomaa kwa wiki kadhaa. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye maji na sabuni, usugue mara 50 mahali pamoja bila hasira. Kitambaa kikibaki cheupe, agiza ndoo zilizobaki. Kikichukua rangi, umepoteza galoni moja tu, na umejua.

Mwenye nyumba naye ana wajibu wake. Asioshe ukuta mpya kabla ya mwezi mmoja kupita. Baada ya hapo atumie kitambaa laini na sabuni ya kawaida badala ya brashi au unga wa kusugulia, ambao huua mng'ao wa rangi yoyote. Maji ni ya kununua katika sehemu nyingi za machimbo, lakini kufuta ukuta mmoja hakuhitaji zaidi ya nusu ndoo. Afute kila wiki usawa wa mikono ya watoto, aanzie chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi, kisha amwage maji hayo mbali na kisima.